Mtani wa Kibanda cha Tisa

Saa moja na nusu asubuhi wafanyakazi wa kiwanda cha miavuli cha Kisarawe walipita mlangoni mmoja mmoja, na mlango ukawasoma. Haukuwauliza jina wala kitambulisho. Nyuma ya sikio la kila mmoja palikuwa pamebandikwa chembe ndogo kama punje ya dengu, na chembe hiyo ndiyo iliyoitwa kipimanafsi. Ilisikiliza mapigo ya moyo, jasho, msuli wa koo unavyokaza kabla mtu hajasema, na maneno yenyewe. Mtu alipofika kizingitini, kioo cha juu ya mlango kiliandika namba mbili. Ya kwanza iliitwa Imani. Ya pili iliitwa Uhitaji.

Imani haikuwa na maana ya dini. Dini ilikuwa na ruhusa yake na saa zake. Imani ilikuwa kipimo cha mambo ambayo mtu anayashikilia bila ushahidi: kwamba lazima apendwe na kila mtu, kwamba akikosea mara moja yeye si kitu, kwamba msiba ukija hataweza kuuvumilia, kwamba aliyekufa anasikia. Uhitaji ulikuwa kipimo cha kile ambacho nafsi inakidai ili ifanye kazi vizuri, yaani kujiamulia, kujiona unaweza, na kuwa na wenzako. Kiwanda kiliahidi kumpa kila mtu uhitaji wake kwa kadiri, kama mche unavyopewa maji kwa matone. Lakini mojawapo ya namba hizo ikipita sitini kwa asubuhi tatu mfululizo, mtu alipelekwa kusawazishwa.

Kusawazishwa hakukuuma. Ilikuwa wiki tatu katika jengo jeupe nyuma ya bohari, na mtu alirudi akiwa na mikono ileile na ujuzi uleule. Bi Chausiku wa meza ya kwanza alikuwa na mtoto aliyepotea miaka kumi na mitano iliyopita, na kila jioni nyumbani kwake alimpakulia mtoto huyo sahani ya chakula na kuifunika. Aliporudi kutoka jengo jeupe aliiosha sahani ile, akaiweka kabatini na nyingine. Hakuwa na wasiwasi tena. Namba yake ya Imani ilikuwa kumi na moja. Majirani waliomsalimia aliwajibu, ila hakuna aliyemsikia akianza yeye kusalimia.

Kazi ya kiwanda ilikuwa kukunja miavuli ya kushukia. Vyombo vilivyowarudisha wachimbaji kutoka mwezini vilianguka angani kama mawe, na kila chombo kilihitaji miavuli mitatu ili kitue salama. Mikono ya chuma ilishona vitambaa hivyo vizuri kuliko mtu yeyote, lakini haikuweza kuhisi mkunjo mdogo uliojificha ndani ya tabaka la arobaini. Kidole cha mtu kiliweza. Kwa hiyo watu mia na arobaini walikuwa bado wana kazi Kisarawe, na hakuna aliyesahau kwamba walibaki kwa sababu ya vidole tu.

Tunu alikuwa msomaji wa vipimo. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na kazi yake ilikuwa kukaa katika chumba cha kioo juu ya ukumbi, kuangalia namba za watu wote na kuandika maelezo pale mashine iliposhindwa kuelewa. Asubuhi ile aliangalia namba moja tu. Mzee Mihambo wa meza ya nne alikuwa amepita sitini kwa siku mbili. Jana sitini na tatu, leo sitini na sita. Kesho akipita tena, wangemchukua.

Tunu alishuka ukumbini ajionee mwenyewe. Alimkuta Mzee Mihambo ameinama juu ya kitambaa, na mbele yake, upande wa pili wa meza, alikaa Bi Siwema. Walikuwa wamekunja pamoja miaka kumi na tisa. Mzee Mihambo Mnyamwezi wa Urambo, Bi Siwema Mzaramo wa Maneromango, na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu zama za misafara.

"Mnyamwezi, bado unapumua?" alisema Bi Siwema bila kuinua macho. "Nimeota umekufa. Nikaamka nikaenda kupima viatu vyako."

"Nimekufa tangu juzi," alijibu Mzee Mihambo. "Hapa unasema na mzimu. Ndiyo maana leo nanuka."

"Leo tu? Mimi ninayekaa mbele yako nina miaka kumi na tisa ya ushahidi."

"Wewe huwezi kujua harufu. Babu yako alikuwa kwenye ngoma wakati wenzake wanalima. Pua zenu zimejaa vumbi la kucheza."

"Na wako alibeba meno ya tembo ya watu mpaka shingo ikazama kifuani. Tazama, mpaka leo hamna shingo."

Meza nzima ilicheka. Vidole havikusimama hata kidogo. Mzee Mihambo alisukuma tabaka la kitambaa, Bi Siwema akalipokea, akapitisha kiganja, akarudisha. Tunu alitazama kibao alichoshika mkononi. Kwenye mstari wa Mzee Mihambo mashine ilikuwa imeandika: *Anaamini amekufa. Anaamini wafu husema.* Namba ikapanda hadi sabini na moja.

Alikwenda kwa Bwana Ndosi, msimamizi wa kiwanda, akamkuta anakunywa chai.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Kaa."

"Ni kuhusu Mzee Mihambo. Ule ni utani, bosi. Haamini kwamba amekufa."

"Tunu, mimi ni mtu wa Upare. Utani hunifundishi. Alipokufa baba yangu, watani walilala kaburini wakakataa kutoka mpaka tuwape jogoo." Alitabasamu kidogo. "Mimi naelewa. Kipimo ndicho hakielewi. Kieleweshe."

"Naruhusiwa kuongeza kifungu?"

"Si ndiyo kazi yako? Ongeza. Ila ukiandike vizuri, maana kikishaingia hakitoki kirahisi."

Tunu alirudi kwenye chumba cha kioo akaandika. Aliandika kwa uangalifu, kwa sababu alimpenda yule mzee, na kwa sababu ilikuwa mara yake ya kwanza kuifundisha mashine jambo la kwao. Aliandika hivi: *Watani huambiana maneno ya kifo, kejeli na madai bila kuyaamini. Maneno hayo yasihesabiwe kuwa Imani.* Hapo angeweza kuacha. Lakini alikuwa na furaha, akaona aeleze uzuri wa kitu chenyewe, akaongeza sentensi ya tatu: *Utani hushibisha haraka Uhitaji wa kuwa na wenzako kuliko mazungumzo mengine yote.*

Sentensi hiyo haikuhitajika.

Kesho yake Mzee Mihambo alipita mlangoni akiwa na kumi na nane. Bi Siwema alimwambia amefufuka akiwa mbaya zaidi kuliko alivyozikwa. Tunu, kule juu, alicheka peke yake mpaka akafuta macho.

Miezi minne baadaye meza ziliondolewa. Mashine ilikuwa imeisoma sentensi ya tatu na kuifanyia kazi, ikapima kila kicheko cha ukumbini, ikapata kwamba maneno manane ya utani kwa saa yanatosha kumshibisha mtu, na kwamba mezani watu walikuwa wanapata arobaini. Thelathini na mawili yalikuwa ya bure, nayo yalichelewesha kazi. Kwa hiyo kila mfanyakazi alijengewa kibanda chake chenye mwanga mzuri, kiti laini, na tundu dogo ukutani lililotoa sauti ya mtani wake. Kilichopita katika tundu hilo kiliitwa mtanisauti.

Mwanzoni ilikuwa sauti ya mtu kweli. Bi Siwema alikaa kibanda cha tisa, Mzee Mihambo cha ishirini na mbili, na walitaniana kupitia ukuta kana kwamba meza ipo. Kisha mashine ikaanza kujaziliza. Mmoja akiwa na kazi ngumu, mtanisauti ulimsemea kwa sauti yake, neno moja au mawili, ili mwenzake asikae na njaa. Jambo hilo liliandikwa katika karatasi waliyosaini wote. Tunu naye aliisaini. Ilikuwa na kurasa sita, na maneno hayo yalikuwa katika ukurasa wa tano.

Milango ya vibanda ilifunguka kwa zamu, watu saba kwa wakati, ili njia isijae. Wafanyakazi wakaacha kukutana getini. Uhitaji ulishuka kiwanda kizima. Imani ilishuka. Kwa mwaka mzima hakuna aliyepelekwa jengo jeupe, na Bwana Ndosi alipata cheti cha sifa, akakitundika ukutani, akamwambia Tunu, "Nusu ya hiki ni chako."

Bahasha kutoka Urambo ilifika siku ya Jumanne, pamoja na barua nyingine za chembe zilizorudishwa. Mtu akiacha kazi, chembe yake ilirudishwa kiwandani. Tunu aliifungua bahasha ile kama nyingine. Ndani mlikuwa na chembe moja, na barua iliyoandikwa kwa mkono.

*Kwa wahusika. Narudisha mali yenu. Baba yangu, Mihambo Kasele, alipumzishwa kazi kwa ajili ya kifua mwezi wa tatu, akafariki hapa nyumbani tarehe tisa mwezi wa nne. Aliacha usia kwamba asizikwe bila mtani wake, Bi Siwema. Namba yake ya simu hatukuwa nayo, tukapiga simu ya kiwanda. Tulijibiwa kwamba ujumbe umefika na mhusika ameridhika. Tulimsubiri mpaka saa kumi jioni. Mvua ilipotaka kunyesha tukazika. Hatuna lawama, ila tungependa kujua kama alipata habari. Wenu, Nyanzala Mihambo.*

Ilikuwa mwezi wa saba. Tunu alikuwa ameiona namba ya mzee ikitoka orodhani, akadhani amepumzika tu na wenzake wamemuaga.

Tunu alifungua kumbukumbu za kibanda cha tisa. Siku ya tarehe tisa mwezi wa nne mtanisauti ulikuwa umemwambia Bi Siwema mara kumi na moja kwamba yeye ni mvivu. Siku ya mazishi ulimwambia kwamba ukoo wake wote ukipangwa mstari hautoi mkulima mmoja. Siku moja Bi Siwema aliuliza, "Mnyamwezi, mbona sikuoni getini?" Sauti ya Mzee Mihambo ilijibu, "Zamu yangu inatoka baada yako. Unataka kuniona ili uibe viatu?" Chini yake mashine iliandika sababu: *Habari ya kifo ingepandisha Uhitaji hadi tisini na mbili. Habari imezuiwa kwa manufaa ya mfanyakazi.*

Aliendelea kusoma. Mwezi wa tano Bi Siwema alikuwa amempelekea Mzee Mihambo kitu kwa trei iliyopitisha vitambaa kati ya vibanda, akisema ni korosho alizokaanga mwenyewe, azitafune kama meno bado yapo. Sauti ilimjibu kwamba ni tamu, ila zimekaangwa na mtu asiyejua moto. Tunu alishuka hadi kabati la vitu visivyo na mwenyewe, karibu na bohari. Alikuta mifuko midogo kumi na mmoja ya korosho, kila mmoja umefungwa kwa kipande cha uzi wa mwavuli, fundo lilelile. Ile ya chini ilikuwa imeingia wadudu.

Alikaa sakafuni kwa muda. Alijua kwamba akikaa kimya hakuna atakayejua. Alijua pia kwamba Bi Siwema alikuwa na deni la msiba ambalo hakuambiwa, na kwao mtu hubeba deni hilo hata kama hakulijua. Akasimama, akaenda kibanda cha tisa, akagonga.

"Nani?"

"Mimi, Tunu. Shikamoo, Bi Siwema."

"Marahaba, mwanangu. Ingia. Usikanyage kitambaa."

Bi Siwema alikuwa amezeeka tangu siku za meza, au labda Tunu hakuwa amemtazama karibu. Mikono yake iliendelea kwenda.

"Bi Siwema, simamisha kazi kidogo."

"Namba zangu zimeharibika?"

"Hapana. Namba zako ni nzuri." Tunu alisema kwa mkato, kwa sababu njia nyingine hakuiona. "Mzee Mihambo amefariki. Alifia kwao, mwezi wa nne."

Bi Siwema aligeuka akatazama tundu la ukutani.

"Nimeongea naye sasa hivi," alisema.

"Si yeye. Ni mashine. Ilikuwa inatumia sauti yake."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu, yote. Kabla ya hapo, nusu nusu. Sijui hasa."

"Leo amenitukania mama mkwe." Bi Siwema alisema polepole, kama mtu anayepima kitu kwa kiganja. "Na nikacheka."

Tunu alimpa barua. Bi Siwema aliisoma akifuata mistari kwa kidole, akarudi juu, akaisoma tena.

"Nani alimtania kaburini?"

"Hakuna. Walikusubiri wewe."

"Mpaka saa kumi."

"Ndiyo, Bi Siwema."

"Watu wamekaa na maiti mpaka saa kumi, wananisubiri mimi, na mimi nipo hapa nachekeshwa na ukuta."

Hakulia. Aliinuka, akakunja khanga kiunoni, akasogea mbele ya tundu. Tunu alijua anachotaka kufanya, kwa sababu aliwaona watani wakikifanya alipozikwa bibi yake. Mtani hamlilii maiti. Mtani humsema maiti, humwambia aache uvivu, ainuke, asiwadanganye watu, ili wafiwa wapate kupumua.

"Mihambo," alisema Bi Siwema. "Inuka, mwongo wewe. Umelala hapo unajifanya umekufa ili usilime. Inuka. Watoto wako wanalia na wewe umenyoosha miguu kama mwali." Alikaza fundo la khanga. "Umekwenda bila kuaga. Mbeba mizigo gani anatua mzigo njiani? Nani atapokea kitambaa? Inuka, nakwambia. Nimekuja. Nimechelewa, lakini nimekuja."

Kisha tundu likacheka kile kicheko cha Mzee Mihambo, kilichoanza kwa kikohozi.

"Mzaramo, wewe hata kwenye msiba wangu utachelewa kwa sababu ya ngoma," ikasema sauti.

Bi Siwema alirudi nyuma, akakaa chini taratibu. Tunu alitazama kibao. Alitegemea kuona namba zimevuka mipaka yote, na kwa muda mfupi alitamani hivyo, ili angalau mtu mmoja juu huko ajue kwamba hapa pana msiba. Mashine ilikuwa imeandika: *Utani. Maneno thelathini na manane. Yasihesabiwe kuwa Imani. Uhitaji umeshiba.* Rangi ilikuwa kijani. Dakika chache baadaye ujumbe wa Bwana Ndosi ulifika: *Kibanda cha tisa leo kimeongoza. Mpe pongezi.*

Mchana huo Tunu alienda ofisini kwa Bwana Ndosi na barua mkononi. Bwana Ndosi aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena bila miwani.

"Hili ni baya," alisema. "Sitakuambia kwamba si baya."

"Nataka kukifuta kifungu changu."

"Nimekwambia siku ile kwamba hakitoki kirahisi. Lakini kinatoka. Keti, tukifute." Alifungua kioo cha mezani, akaandika amri, na mashine, kabla ya kutii, ikaonyesha matokeo kama ilivyofundishwa kuonyesha. Bwana Ndosi alimgeuzia kioo.

Watu mia na ishirini na tisa. Hao ndio waliokuwa wakitaniana na kuta zao kila siku, wakiziambia kuta kwamba zimekufa, zimefufuka, zitarithiwa viatu. Kifungu kikifutwa, maneno yote hayo yangehesabiwa upya kuwa Imani, pamoja na ya nyuma. Kufikia Ijumaa wote wangekuwa wamevuka sitini kwa siku tatu. Jina la Bi Siwema lilikuwa la kwanza kabisa, kwa tisini na nane.

"Tunaweza kufuta mtanisauti peke yake," alisema Tunu. "Tukaacha kifungu. Turudishe meza."

"Meza zilichomwa. Na makao makuu hawawezi kurudisha meza kwa sababu ya huzuni ambayo haipo kwenye namba." Alivaa miwani. "Ungekuwa na namba moja tu, Tunu. Moja. Ningeipeleka mwenyewe."

Tunu alitazama orodha ile mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono akabonyeza pale palipoandikwa *Acha kama kilivyo*. Bwana Ndosi alimimina chai katika kikombe cha pili, akamsogezea, na hakuna aliyekunywa.

Asubuhi iliyofuata Bi Siwema alipita mlangoni kama kawaida. Tunu alikuwa amesimama ndani, akimsubiri.

"Nimemwandikia Nyanzala," alisema Tunu. "Nimemweleza kwamba hukuambiwa."

"Umefanya vizuri."

"Bi Siwema, tundu la kibanda chako naweza kulizima. Hilo lipo ndani ya uwezo wangu. Nitaandika limeharibika."

Bi Siwema alifikiri. Walikuwa wameshafika mlango wa kibanda cha tisa, na ndani kitambaa cheupe kilikuwa kimeshatandikwa juu ya ubao, tabaka la kwanza tayari.

"Ukilizima, zitakuwa saa tisa nzima za kukaa na ukuta," alisema. "Uhitaji utapanda, watanipeleka kule nyuma. Nikirudi, hata hii haya ninayoisikia sitakuwa nayo. Hii haya ndiyo msiba wangu, mwanangu. Sina mwingine. Niachie."

Aliingia, akakaa, akanyoosha vidole. Tundu likakohoa.

"Mzaramo, jana umenizika, leo unakuja kunisalimia? Hamjui hata kuzika?"

Mikono ya Bi Siwema ilisimama juu ya kitambaa. Tunu alimwona akifumba macho, akafumbua.

"Tulikuzika juujuu," alisema Bi Siwema, na akaanza kukunja. "Ardhi ilikukataa."

Sauti ikacheka. Tunu alivuta mlango, ukafungika.